Vijiji Vinne vya Kuku wa Mama

Nilijifunga kanga ya mama machoni, nikapanda juu ya sakafu, lile paa bapa la nyumba yetu, jua likiwaka, nikawagawa kuku wake kwa kupapasa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za mtu mwenye busara aliyepatwa na bahati mbaya. Hapana. Bahati mbaya niliifuata mwenyewe kwa miguu yangu, nimeshiba, sina homa, na akili zangu zote ninazo, kwa kadiri zilivyokuwepo. Tena katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyemaliza sekondari. Mama alikuwa hapitwi na mgeni bila kumtajia jambo hilo. Baada ya mwaka ule aliacha kulitaja.

Mimi ni mtu wa ndani. Vijana wenzangu wa miaka ile walikuwa hawashikiki: huyu yuko mkutanoni, huyu kwenye gwaride, huyu kajiandikisha kwenda kubeba matofali ya majumba mapya ya ghorofa huko Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Mimi nilikuwa karani, na nikishatoka kazini mchana, nilikuwa nshavua viatu na nshajilaza kitandani kabla wenzangu hawajaamua waende baraza gani. Safari yangu ndefu ilikuwa foleni ya mchele, na huko nako nilitumwa. Dada yangu alikuwa akisema kwamba siku nitakayooa, wachumba itabidi wapitishwe mlangoni kama wauza samaki, mimi nichague kupitia dirishani.

"Na ukichagua," akasema, "usimguse sana. Kuna wengine watataka kutazama."

Basi. Tuje kwa kuku.

Mama alikuwa na kuchi. Kwa asiyewajua, kuchi ni kuku mrefu, miguu mikavu minene, shingo imenyooka, na macho ya mtu aliyekuja kukagua hesabu akaona hazikai sawa. Mama alikuja nao mjini kutoka upande wa Nungwi alipoolewa na marehemu baba. Mama yake alimpa jogoo na mtetea, naye mwenyewe alikuwa kapewa na mama yake. Kwao binti haingii kwa mumewe bila jogoo na mtetea wa kuchi. Kitanda chaweza kukosekana, mikeka yaweza kukosekana, na ndoa ikasimama vizuri tu. Kuchi wakikosekana, maneno yatasemwa mpaka bibi arusi awe na wajukuu, na wajukuu nao watasimuliwa.

Na dada yangu alikuwa ameshaposwa. Arusi iliwekwa mwaka wa pili yake, katika Mfungo Mosi, Ramadhani ikishakwisha.

Tatizo lilikuwa mji wenyewe. Vichochoro vyetu vyembamba, nyumba zimeegemeana, sakafu ya jirani imepakana na yako, na kuku wa mjini hana hodi. Kila kifaranga kilichototolewa kwetu kilikuwa na miguu mifupi kidogo kuliko ya mama yake. Kuku wa mama walikuwa wengi, lakini jogoo aliyekuwa kuchi wa kweli alibaki mmoja, mtu mzima, na mitetea wawili ambao ukiwatazama huku umemkumbuka bibi yao, ungekubali. Waliosalia walikuwa kuchi kwa hisani tu.

"Jogoo huyu akinifia," mama alisema siku moja anawamwagia machicha ya nazi, "dada yako ataingia na nini? Na bata?"

Akaongeza kwamba anafikiri amfungie jogoo peke yake na wale mitetea wawili, awalishe, angoje mayai. Ndivyo alivyosema, na ndivyo ambavyo angefanya mtu yeyote. Ila ndani ya nyumba alikuwapo msomi.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa elimu ya viumbe aliyeingia darasani siku moja na kopo la maharagwe, akalitikisa mbele yetu, akasema: "Hiki ni kijiji." Tulicheka mpaka tukanyamaza wenyewe. Kisha akatufundisha jinsi ya kukikuza kijiji kile bila watu. Unafumba macho, unatoa haragwe moja, unalitazama rangi, unaweka haragwe la rangi hiyo hiyo katika kopo jipya, lile la kwanza unalirudisha mahali pake, unachanganya, unafumba macho tena. Kopo jipya likifikia wingi wa kopo la zamani, hicho ni kizazi kipya. Unaweza kukuza vizazi vya miaka mia moja bila kuondoka kwenye kiti. Msomaji ataelewa kwa nini katika masomo yote somo hilo ndilo lililonikaa moyoni.

Nikalichukua bao la baba, lililokuwa likikaa bure nyuma ya mlango tangu alipofariki. Kwanza nilitia choroko na kunde, nikagundua kwamba vidole vinajua kutofautisha hata macho yakifumba. Nikabadili, nikatia kunde nyeupe na kunde nyekundu. Kunde nyekundu ndio kuchi, kunde nyeupe ndio kuku wa barabarani. Nikazitia zote kwanza katika sufuria moja, huo ndio mji. Kisha nikachota kidogo kidogo nikagawa katika mashimo ya bao, kunde nne hapa, tano pale. Hivyo vikawa vijiji, kila kijiji kina ukuta wake, hakuna anayetoka wala anayeingia.

Nilicheza mchezo huo Ijumaa nzima baada ya sala, na Jumamosi, na Jumapili. Nikaona ajabu. Sufuria kubwa ilibaki vile vile, kizazi baada ya kizazi, nyeupe na nyekundu zimechanganyika. Lakini mashimo madogo hayakukaa. Vizazi vichache tu, shimo moja likawa jekundu tupu, la pili likawa jeupe tupu. Hakuna aliyechagua. Ni mkono tu na macho yaliyofumba.

"Umeona?" nikamwambia dada. "Ukitaka kuchi tupu, gawa kuku vijiji vidogo vidogo. Vitajisafisha wenyewe."

"Na hili jeupe tupu hapa?"

"Hilo ni shimo jingine."

"Nauliza, nani kakwambia kuchi watakuwa hili na siyo lile?"

Nilimwambia kwamba elimu hii inataka utulivu. Mashimo yale hayakuniuliza nataka rangi gani, yalipata yalichopata. Dada aliliona hilo kwa mtupo wa jicho mmoja huku anasuka ukili wa mkeka, na mimi sikuliona kwa siku tatu nimekaa juu yake. Jumatatu niliporudi kutoka kazini nilikuta mashimo matupu. Mama alikuwa kapika. Kunde katika siku zile za foleni hazikuwa kitu cha kuchezea, na kizazi changu cha kumi na kitu kililiwa na mchuzi wa nazi. Nami nilikula. Vijiji vyote vilikuwa na ladha moja.

Zilikuwa enzi za kugawa. Serikali ilikuwa ikigawa mashamba eka tatu tatu, majumba yakigawiwa, mchele ukigawiwa kwa ratili. Nikaona si vibaya nami nikagawa kitu. Nikamwendea mama kwa adabu, nikamweleza kunde, nikamweleza mashimo, nikamweleza vizazi. Mama hakuelewa, lakini alielewa kwamba mwanawe ameelewa, na kwa mzazi hilo hutosha. Akasema, "Haya mwanangu. Lakini jogoo wangu mtazame."

Nikatengeneza vizimba vinne juu ya sakafu, kwa madema mabovu ya kuvulia samaki na makuti. Nikavipa majina: Nungwi, Tumbatu, Makunduchi na Mjini. Na kwa kuwa mwalimu alisema lazima macho yafumbwe, ili mkono usipendelee, nikaenda nikachukua kanga.

Hapo ndipo kosa lilipo, na naomba nilieleze vizuri kwa sababu si kila mtu aliyesoma angeweza kulifanya. Katika kunde, macho hufumbwa kwa sababu kunde ni mfano wa bahati. Mwenye kuku anayetaka kuchi hahitaji bahati, anahitaji macho. Mimi nilidhani kufumba macho ndiyo dawa yenyewe.

Jirani yetu, mama mtu mzima aliyekaa nyumba ya pili, dirisha lake linatazama sakafu yetu, alinikuta katikati ya kazi. Nilikuwa nimepiga magoti, nimefungwa uso, mkono mmoja mbele, kuku wananipita ubavuni wanapiga kelele.

"We kijana!"

"Naam! Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba. Umepofuka?"

"Hapana bi mkubwa, nagawa kuku."

"Huwezi kuwagawa huku unawaona?"

"Nikiwaona nitapendelea."

Kisha nikamsikia anamwita mumewe: "Njoo! Njoo utazame, yule aliyesoma!"

Mama naye akapanda ngazi. "Kanga yangu ya kuendea mazikoni hiyo?"

"Ndiyo mama."

"Basi vizuri," akasema, akashuka.

Nilipoifungua, mgawo ulikuwa hivi. Nungwi walipata kuku wa hivi hivi, jike na dume, mchanganyiko. Mjini ilipata mtetea mmoja mzee aliyeacha kutaga, pamoja na vifaranga. Makunduchi ilipata wanawake watupu, wakiwemo wale mitetea wawili wa kuchi. Na Tumbatu ilipata jogoo wa mama, majogoo wawili wa hivi hivi, na mtetea mmoja ambaye tangu dakika ile aliishi chini ya karai akiwakimbia.

Mama alipoona, alisema neno moja la haki. "Mwanangu, huku hamna jogoo. Na jogoo wangu kule hana mke."

"Ndivyo bahati ilivyotoka, mama."

"Bahati si ni wewe? Mtoe umtie huku."

Nikamweleza kwamba tukimhamisha mmoja kwa kumchagua, tumeharibu. Nikakumbuka, hata hivyo, kwamba mwalimu aliruhusu uhamiaji: mara moja moja, kijiji kimoja kinatoa mtu mmoja kwenda kingine. Nikamwahidi mama kwamba mwezi ukiandama tutafanya uhamiaji. Alinitazama kama mtu anayesubiri basi ambalo keshaambiwa limeharibika.

Kabla mwezi haujaandama, ulianza uhamiaji ambao sikuuruhusu. Jirani alikuwa na jogoo kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni, mwekundu kama kachomwa na maji ya moto, miguu mifupi, mwendo wa kibarua aliyechelewa. Akapita juu ya ukuta, akasimama pale akatazama vijiji vyangu vyote vinne, akachagua. Alikuwa na macho yake mawili na aliyatumia. Akarukia Makunduchi.

Nikamfukuza. Akarudi. Nikaongeza makuti. Akaingia kwa chini. Kunde hazikuwahi kunifanyia hivyo.

"Jogoo wangu yuko kwenu?" jirani akauliza dirishani.

"Yupo bi mkubwa, kila siku."

"Msimlishe sana, ananenepa."

Mwezi ukaandama. Nikachukua kanga, na mama safari hii alikuwa keshaficha ile ya mazikoni, nikapewa ya jikoni. Nikaingiza mkono Nungwi, nikatoa mhamiaji, nikauliza bahati aende wapi. Nilipofungua macho, alikuwa pora mmoja, jogoo kijana mwenye nguvu, na bahati ilikuwa imempeleka Tumbatu, ambako majogoo walikuwa tayari watatu na mke mmoja chini ya karai.

Nikaenda zangu kazini.

Kuchi ni kuku wa kupigana, kila mtu anajua. Lakini jogoo wa mama alikuwa mtu mzima, na wale wengine walikuwa wengi. Mama alisikia kelele akiwa jikoni. Alipofika juu, jogoo alikuwa kalala ubavu, jicho moja limekwenda, bado anarusha miguu ile mirefu. Akaita kwa jirani, mume wa jirani akaja akamchinja kabla hajafa, ili angalau awe halali.

Niliporudi nilikuta wali na mchuzi. Nikajua kabla sijauliza, kwa sababu katika miezi ile nyama haikuwa ikijileta yenyewe. Mama alinipakulia paja. Lilikuwa refu, lilipita ukingo wa sahani. Yeye hakujipakulia. Dada alikaa ameshika kijiko, wala hakunitania, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kula," mama akasema. "Umesoma."

Nilikula. Mpaka leo sijakula kitu kigumu kama kile, na jogoo mwenyewe alipikwa akalainika vizuri.

Baada ya hapo vijiji vilivunjwa. Mama alivivunja kwa mkono wake, makuti akayatia jikoni. Mayai yaliyokuwa Makunduchi akayakusanya yote, akamlalisha ndani ya tenga mtetea aliye tayari kuatamia, akaliweka tenga chini ya ngazi, karibu na chumba chake. Akaniambia nisilisogelee. Nikawa nashuka ngazi zile kwa ubavu. Mimi nilikuwa na tumaini moja, na lilikuwa la aibu: huenda kuna yai lililotungwa kabla sijawagawa, jogoo alipokuwa bado anazunguka na wake zake. Sikumwambia mama. Nilikuwa nshamweleza vya kutosha.

Vikatotolewa. Vifaranga vyote vilikuwa na shingo tupu. Vyote. Ungesema vimetoka kunyolewa. Bahati, iliyokuwa imeniangusha mara mbili, safari hii haikutaka hata kubabaisha.

Mama akakaa juu ya kigoda akavitazama asubuhi nzima. Kisha, kadiri vilivyokua, akawa anavipima miguu kwa macho. Wengi walitoka wafupi, kama baba yao. Lakini mmoja, pora, akaanza kurefuka. Na dada yake mmoja naye. Miguu mikavu, minene, kifua juu, na macho yale yale ya kukagua hesabu, yamekaa juu ya shingo nyekundu isiyo na hata unyoya. Mama akawatenga hao wawili peke yao. Hakufunga macho. Aliwalisha machicha, aliwalisha chenga za mchele tulizotolea jasho kwenye foleni, na hata asiponiambia niondoke, mwenyewe nilikuwa naondoka.

Ramadhani ikaja ikaenda. Mfungo Mosi ukaingia, na kutoka upande wa Nungwi akaja mama mkubwa, dada wa mama, ambaye ndiye mwenye neno katika mambo haya. Alikuja na mzigo wake wa samaki wakavu na hakukaa hata kunywa maji. Akasema: "Kuchi wako wapi?"

Mama akawaleta, wamefungwa utepe miguuni. Dada yangu alikuwa ndani anatiwa hina, mikono ameiweka mbele kama mtu aliyekamatwa, nikamwona amegeuza shingo kutazama mlangoni. Hakuwa akijali kuku, alikuwa akisema hivyo mwaka mzima. Lakini mdomo aliuuma.

Mama mkubwa akamnyanyua jogoo. Akamshika mguu, akaupima kwa shubiri. Akampapasa kifua. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafika shingoni, mkono ukasimama.

"Na hii?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, pale pale lilipokuwa likikaa bao. Nilifungua mdomo nieleze. Mama alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

"Mjini joto, dada," mama akasema.

Mama mkubwa akamtazama mdogo wake. Akamtazama jogoo. Akatazama juu, kwenye ngazi ziendazo sakafuni, kama mtu anayetafuta joto lenyewe limekaa wapi. Mimi nilihesabu misumari ya mlango.

"Joto," akasema mama mkubwa. "Haya. Miguu ipo." Akamrudishia mama kuku, ndipo akaomba maji.

Kutoka chumbani nikasikia dada anacheka, na wale wanaomtia hina wanampigia kelele atulie, hina inaharibika.

Jioni ile walipomtoa, vigelegele vikajaa kichochoro kizima. Jogoo na mtetea walitangulizwa mbele katika tenga jipya, shingo zimetoka nje, nyekundu, zimenyooka. Watu wa upande wa mume waliona, wakanong'ona. Wengine walisema ni kuchi wa namna ya pekee, wa ukoo mkubwa. Mama alipita hapo hapo na kichwa chake juu. Mimi nilibaki mlangoni, kama kawaida yangu, kwa kuwa kuna mtu lazima alinde nyumba.

Jirani alikuwa amesimama karibu yangu, amejitanda buibui jipya. Alilifuata tenga kwa macho mpaka likapotea kwenye kona. Kisha akanigeukia, wala hakupunguza sauti kwa ajili ya wageni:

"Shingo kaitoa kwangu, miguu kaitoa kwa mama yako, na akili, alhamdulillahi, kwako hakutoa kitu."